Mjomba, nirudi mlimani na mvua hii?

Barua za mwezi huu karibu zote zina maji ndani. Sijui ni msimu au vipi, lakini nimechagua tatu, moja ndefu ambayo nimeisoma mara nne, na mbili fupi. Ile ndefu mhariri alitaka kuikata nikamwambia akate majibu yangu.

SWALI

Mjomba shikamoo, natumai uko salama na nyumba yako. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 12 mwingine 8, naishi Jinja, umri wangu 41. Baba alikuwa askari polisi ndo maana Kiswahili changu ni cha kota, utanisamehe, kule ukiongea lugha ya kwenu wenzio wanakucheka. Lakini kabla ya kota nililelewa na kukhu, yaani nyanya yangu, huko Bududa milimani, mashariki mwa Uganda, upande wa juu, mpaka nikafika miaka kumi ndo baba akaja kunichukua. Jina langu Nafula, na wewe kama ni mtu wa mashariki unajua maana yake, mtoto wa kike aliyezaliwa mvua inanyesha. Kukhu alikuwa anasema siku hiyo mvua ilipiga mabati mpaka mkunga hakusikia nimelia.

Sasa Mjomba kumbukumbu zangu zote za kule zina mvua. Nakumbuka kahawa imeanikwa kwenye turubai mbele ya nyumba, jua kali kabisa, halafu ghafla upepo wa baridi unashuka kutoka juu unanuka udongo, na mtu hata humuoni anapiga kelele "kahawaaa!" na kila nyumba kwenye mteremko watu wanakimbilia turubai zao, sisi watoto tunashika pembe. Halafu giza. Kukhu anafunika kioo kwa leso, chochote chekundu anakisukuma chini ya kitanda, sufuria zote anaziingiza ndani, na sisi anatupandisha kitandani miguu isiguse chini, tunakaa hapo na harufu ya malewa (machipukizi ya mianzi) yaliyotundikwa juu ya moshi mpaka iishe. Na radi ya kule sio kama ya Jinja. Ya Jinja inagonga inaondoka, ya kule inabiringika, inazunguka bonde halafu inarudi kama mtu aliyesahau kitu.

Mpaka leo nikisikia ngurumo naenda kukaa kitandani na miguu juu. Watoto wananicheka, yule mdogo ananiigiza hadi vile navyofumba macho.

Kukhu alifariki 2007 nikaenda kuzika, 2009 nikarudi mara moja tu. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Machi 2010, mlima ukaporomoka ukafunika Nametsi. Sio kijiji chetu ila sio mbali, na ukoo wetu ukagawanyika, wengine wakahamishiwa mbali Kiryandongo, wengine wakakataa, wengine walienda wakarudi. Toka hapo sijakanyaga, kila mwaka nasema mwaka ujao. Sasa mjomba wangu (samahani na wewe ni Mjomba) amepiga simu, mwanawe anaingia imbalu, yaani tohara yetu, ngoma ni Agosti, na amesema nisipokuja nisimwite tena ndugu. Mume wangu ni Musoga wa hapa tambarare, anasema kwenda kule Agosti na watoto ni kuwachimbia kaburi, tumegombana wiki mbili. Mimi nataka watoto waone nilikotoka, waone jiwe tulilokuwa tunaanikia nguo, kijito tulichokuwa tunachota maji, na ile njia ya mkato ya kwenda shule.

Je niende nisiende, na kama ni kwenda niende vipi, na huu woga wangu nifanyeje usije ukanishika mbele ya ukoo mzima?

Nafula, Jinja

JIBU

Marahaba Nafula binti yangu. Nenda. Nimelisema mapema usije ukasoma mpaka chini presha imepanda. Ila mwambie mume wako Mjomba amesema yeye ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu tutaiheshimu.

Kwanza nikupe aibu yangu mwenyewe. Mimi likizo zangu za utoto zilikuwa upande wa Sironko, kwa shangazi, na kulikuwa na kijito cha kuogelea ambacho ningekichora nikiwa nimefumba macho. Nilikaa miaka 22 bila kwenda. Siku niliyorudi mvua ilikuwa imenyesha usiku, maji yana rangi ya chai ya maziwa, nami nikavua viatu nikakunja suruali nivukie palepale tulipokuwa tunavukia, manake nilijua kabisa kuna mawe matatu chini pale hata kama huyaoni. Kijana mmoja amesimama na ng'ombe wake ananiangalia tu. Nikamwambia usiwe na wasiwasi mimi nimekulia hapa. Akasema, "Mzee, hapo ulipokulia pako kule," akanyoosha fimbo kwenye migomba, kama hatua mia hivi mkono wa kushoto. Mto ulihama. Nilipokuwa nataka kutia mguu palikuwa ni shimo tu ambalo maji yalichimba miaka miwili nyuma, na mawe yangu matatu yako shambani kwa mtu, kuku wanapumzikia juu yake.

Kwa hiyo ninachokuogopea wewe kuliko radi ni ile "mimi nimekulia hapa". Unaijua Bududa ya mtoto wa miaka kumi na hiyo Bududa haipo. Jiwe, kijito na njia ya mkato, hivyo ulivyotaja, ndivyo vitu vya kwanza kuhama pale mlima unapojigeuza. Kila unapofika muulize aliyelala hapo jana usiku, hata kama ni mtoto wa darasa la tatu, na akikwambia hapa hatupiti siku hizi, usibishane naye.

Mlima wenyewe unaujua kwa jina la Masaba, vitabu vinauita Elgon, ni volkano iliyozimika zamani sana na kilele chake Wagagai kina mita 4,321. Ule udongo wake mwekundu mnene unaootesha kahawa nzuri vile ndo huohuo unaokunywa maji bila kusema nimeshiba. Mvua ikipiga siku nyingi mfululizo unakuwa mzito, unalegea kwenye mwamba ulio chini yake, na kama mteremko ni mkali na miti yenye mizizi mirefu imeshakatwa na watu wamechonga ubavu wa mlima kupata kiwanja cha nyumba, basi hakuna cha kuushika. Mume wako anakumbuka Nametsi kama wewe. Mwambie pia mimi nakumbuka Bukalasi hukohuko Bududa Oktoba 2018, pale mto Suume ulipobeba mawe ukafagia zaidi ya watu 40, na Mbale mjini penyewe usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilipotoka kwenye njia zake, na Bulambuli Novemba 2024 mlima ulipoporomoka tena. Angalia hiyo miezi. Machi, Julai, Oktoba, Novemba, yaani kule ukitaka mwezi ambao hauna historia utachoka kutafuta. Agosti sio mwezi wa kifo kama anavyosema mzee wa nyumba, lakini mvua inakuwepo na udongo unakuwa umeshakunywa toka Machi.

Sasa cha kukusaidia ni kwamba mvua ya mlima kwa kawaida ina saa yake. Asubuhi jua linapasha mteremko, hewa yenye unyevu inapanda, ikifika juu inapoa inakuwa wingu, na kuanzia saa saba saa nane mchana ndo unasikia ule upepo wenu wa kahawa. Kwa hiyo usitoke Jinja saa tatu asubuhi kama watu wa harusi ukafika Mbale saa nane halafu ndo uanze kutafuta gari la kupanda, hapo utakuwa umepanga miadi na radi. Toka jana yake. Panda taksi ya Iganga upitie Tirinyi, ukishafika Kamonkoli angaza macho mbele, ile kuta ya Wanale inayosimama juu ya mji wa Mbale. Ukiona nyuzi nyeupe zinaning'inia kwenye mwamba hayo ni maporomoko ya maji, na zikiwa nyingi na nene ujue huko juu imenyesha kweli, hata kama wewe kwenye taksi unatoka jasho. Mimi huo mwamba naujali kuliko redio. Lala Mbale, watoto wale vizuri walale mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe kwenye gari. Siku hizi mpaka Bubulo na kuendelea Lwakhakha ni lami, watoto wako hawatauona ule utelezi wetu wa kushuka wote kusukuma. Mkishaiacha lami dereva awe mtu wa hukohuko, hata kama anakudai zaidi, huyo anajua daraja lipi limechoka.

Halafu saa saba mchana muwe tayari pale mtakapolala. Sio njiani.

Na hapo pa kulala ndo pa kumpigia mjomba wako simu leo, usingoje Agosti. Muulize nyumba iko wapi sa hii, mana inawezekana sio ile. Muulize nyuma ya nyumba kuna nini. Kama ukuta wa nyuma unaangalia ubavu wa mlima uliochongwa wima, ngoma mtacheza hapo lakini wewe na watoto mtalala kwa ndugu mwingine aliye kwenye mgongo wa kilima au mrudi Mbale, na usione haya, mwambie Mjomba wa gazetini ndo mkorofi. Muulize kama kuna nyufa kwenye ardhi juu ya shamba, kama miti au nguzo zimeanza kuinama, kama milango iliyokuwa inafunga vizuri sasa inakwama. Mlango kukwama watu wanadhani ni mbao imevimba kwa mvua, na mara nyingi ni hiyo kweli, ila ukikwama pamoja na ufa kwenye sakafu sio mbao tena, ni nyumba inasogea. Na mkiwa huko mvua ikawa inapiga sana halafu ghafla mto upungue maji, usifurahi, hiyo maana yake kuna kitu kimeuziba huko juu na utakapozibuka hautakuja peke yake. Hapo unaacha chakula mezani, unaacha na viatu, unapanda pembeni mbali na bonde.

Mtoto wa miaka 12 nenda naye. Huyu wa miaka 8, hapa ntakuudhi, safari hii mwachie baba yake. Sio kwa sababu ya mvua peke yake. Imbalu ni watu wengi, kadodi, zile ngoma za imbalu, zinapiga usiku kucha, wewe utavutwa huku na huku na shangazi ambao hawajakuona toka 2009, nani atakuwa ameshika mkono wa mtoto mawingu yakishuka? Na mume wako akiona umempa kitu kimoja atakupa vingine. Halafu yule kijana wenu kabla ya siku yake si anapita kwa ndugu akiwa amepakwa unga, na ngoma nyuma, kuwaalika na kupewa zawadi? Kama mna ndugu yeyote hapo Mbale mjini omba apite hapo, na baba amlete mdogo aone, arudi naye Jinja jioni hiyohiyo. Huyo mtoto atakumbuka unga na kadodi mpaka azeeke.

Zile kumbukumbu zako zenyewe, jiwe na kijito na njia, usizichanganye na sherehe. Zifanyie safari yake Januari. Mbingu imekauka, njia zinapitika, na kahawa za mwishomwisho bado utazikuta kwenye turubai, wote wawili watashika pembe hata kama hakuna mvua ya kukimbia. Najua utasema Januari hakuna mvua na wewe ulitaka mvua. Mvua si utakuwa umeipata Agosti, jamani.

Kitu kimoja sikukiona kwenye barua yako na nadhani umekiruka makusudi. Kaburi la kukhu. Muulize mjomba wako hilo nalo kwenye simu, ukiwa umekaa, watoto wako shule. Kuna watu nawajua walifika na maua wakaonyeshwa mteremko mtupu wenye migomba midogo wakaambiwa ni hapa mahali fulani. Ukijua mapema utakuwa umeshalia yako ya kwanza Jinja, na ukifika utasimama mbele ya mtoto na kumwambia bibi yako yuko hapa, bila kuonyesha kidole mahali hasa. Na ukikutana na wale waliopewa mahali Kiryandongo au zile nyumba walizojengewa Bunambutye kisha wakarudi juu, tafadhali usiwaulize kwa nini mmerudi. Wameshaulizwa na kila mtu aliyekuja na gari na kamera. Waulize kahawa ya mwaka huu vipi, hayo mengine watayasema wenyewe kabla ya chai kuisha.

Tuje kwenye radi. Kukhu wako alikuwa amekosea mawili na kupatia matatu, na kwa mtu ambaye hajasoma fizikia hizo ni maksi nzuri. Nguo nyekundu haina kosa lolote, radi haiangalii rangi, inatafuta kilichoinuka na njia rahisi ya kufika chini. Kioo nacho hakiiti radi. (Lakini Nafula, ningekuwa nyumbani kwake nisingetoa hiyo leso.) Kuingia ndani alipatia. Kuwaweka mbali na masufuria alipatia. Na miguu kutokugusa chini alipatia kuliko alivyojua, manake radi ikipiga karibu umeme wake unatambaa kwenye ardhi, na sakafu ya udongo iliyolowa unaipenda sana. Kwa hiyo ukipanda kitandani mbele ya ukoo mzima usiseme ni woga, sema ndivyo tulivyofundishwa na mwenye nyumba, na upishe nafasi wengine wapande.

Ambacho hakuwafundisha ni kuhesabu. Mwanga ukimulika anza moja, mbili, tatu mpaka usikie ngurumo, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Ikifika kabla ya 30 iko karibu kiasi cha kukupata, ingieni ndani, na msitoke mpaka nusu saa ipite toka ngurumo ya mwisho. Ndani ni nyumba yenye kuta kweli au gari lililofungwa vioo, bati la gari linaupitisha umeme nje likakuacha wewe katikati. Baraza sio ndani. Chini ya mwembe sio ndani. Bodaboda hata na mwavuli sio ndani, na ule mwavuli wa boda wenye kichuma juu ndo mbaya zaidi. Simu iliyo mkononi haina shida, iliyo kwenye chaja iachie. Shule ndo zimetuumiza sana nchi hii, pale Runyanya kule Kiryandongo Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 na walikuwa darasani, kwa hiyo jengo lisilo na kinga ya radi usilitegemee kwa ukubwa wake. Kaeni katikati ya chumba, mbali na kuta na nyaya na bomba.

Kazi ya kuhesabu mpe huyo anayekuigiza, anza naye hapohapo Jinja. Nimeona na wajukuu zangu, mtoto mwenye namba mdomoni hana nafasi ya kucheka mtu, na wewe ukimsubiri afike ishirini unajikuta umefungua macho kuangalia amefika ngapi. Woga wenyewe sidhani utaisha, na sikuombei uishe wote. Ila mweleze kwa nini unapandisha miguu. Hajui. Anadhani mama ana kituko tu, hajui kulikuwa na kitanda kimoja na kukhu na watoto wote juu yake na kahawa imekunjwa kwenye kona inatoa mvuke.

Ukirudi niletee malewa. Yale ya moshi, na karanga za kuyapikia ntanunua mwenyewe.

SWALI

Mjomba mambo, mimi kijana wa visiwani, nimezaliwa Kalangala kisiwa cha Bugala, babangu alikuwa mvuvi, nikiwa mdogo nilikuwa naamka kusikia mawimbi na dhoruba nikijua mzee yuko majini na mama haongei na mtu mpaka arudi. Sa hii niko Masaka, nataka kumpeleka mchumba wangu akaone kwetu. Rafiki yangu ana mtumbwi wa injini anasema tuvuke naye alfajiri kabla ya jua, eti ziwa limelala. Ni sawa?

Mtoto wa mvuvi, Masaka

JIBU

Sio sawa, na mama yako angekujibu haraka kuliko mimi.

Umenisikia nikimwambia dada Nafula atembee asubuhi. Ziwa linafanya kinyume. Mchana nchi kavu inapata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, dhoruba zinajengeka huku kwetu jioni. Usiku bara inapoa, upepo unageuka, hewa kutoka pande zote za ziwa inakutana juu ya maji ambayo bado yana joto, inapanda, na hapo ndo yanapojengeka mawingu makubwa ya usiku wa manane mpaka alfajiri. Victoria ina kama kilomita za mraba 68,800, ni nchi nzima ya maji hiyo, ina nafasi ya kujitengenezea hali yake ya hewa bila kuomba ruhusa ya mtu. Ile saa rafiki yako anasema limelala ndo saa mama yako alikuwa haongei.

Kutoka Masaka una bahati, nenda Bukakata panda feri uvuke Luku, unaingia na gari kabisa, ni mwendo mfupi. Kama ungekuwa Entebbe ningekwambia MV Kalangala ya kutoka Nakiwogo, hiyo ni masaa matatu na zaidi majini lakini ni meli. Vuka asubuhi ikishakaa sawa au mchana, uliza watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, kabla hujalipa, na Juni mpaka Agosti usidanganywe na jua, mvua ni chache ila upepo wa kusini unainua mawimbi na wavuvi wenyewe wanauheshimu. Jaketi la kuokolea livaeni, sio kulikalia, tena lifungwe. Novemba 2018 ile MV Templar iliyozama kule Mukono ilikuwa na watu wa raha tu, muziki juu, zaidi ya 30 hawakurudi, na ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake.

Mchumba muonyeshe dhoruba ukiwa nchi kavu, kwa mama, mlango umefunguliwa kidogo. Utapata sifa zilezile.

SWALI

Mjomba, nafundisha Kiswahili hapa Soroti, tangu serikali ipitishe 2022 kwamba kiwe cha lazima maswali yamezidi. Watoto wameniuliza umeme, radi na ngurumo vinatofautiana vipi, kila mzazi anawaambia lake, na mmoja kwenye mtihani ameandika umeme ni kampuni. Nimpe ngapi?

Mwalimu, Soroti

JIBU

Mwalimu pole na kazi. Umeme ni ule mwanga unaomulika angani, na tukauazima jina kwa ule wa kwenye waya. Ngurumo ni sauti inayokuja nyuma yake. Radi ni ule umeme unaopiga chini, unaopasua mti na kuua ng'ombe, ingawa watu wengi wakisikia kishindo tu husema radi hiyo na mimi siwakatazi, hata barua ya juu tumeandika hivyo na mmeelewa.

Huyo mtoto angeandika hivyo kabla ya tarehe 31 Machi 2025, siku kampuni ya jina hilo ilipomaliza mkataba wake wa miaka 20 wa kusambaza stima nchini, ningekwambia mpe maksi zote. Sasa mpe nusu.